Fishi ya Mtu wa Majimbo Mawili

Katika droo ya chini, kwenye meza iliyo karibu na dirisha, nimewaachia rula ya chuma. Najua wengine mnadhani nimeisahau. Sikuisahau. Nimeiacha humo makusudi, na nawaomba msiiguse kabla ya kusoma kurasa hizi mpaka mwisho.

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na kitenge kizuri, na mmoja wenu akasimama kusema kwamba nimewafundisha upole. Nilikaribia kumrushia kile kitenge. Mimi si mpole. Karibu miaka thelathini nimekaa katika ofisi ya wafanyakazi ya kampuni ya malori hapa Kolwezi, na miaka kumi ya mwisho nimekaa nikiwa na hasira kila asubuhi, kuanzia kufungua kabati mpaka kulifunga. Nilinyamaza tu, nanyi mkadhani huo ni upole. Basi leo nasema.

Nilifika ofisini nikiwa msichana kutoka Kasaji, na viatu vya kuazima. Kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kufuta vumbi. Mnalijua vumbi letu: unafuta meza saa mbili, saa nne unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Aliyenipa kitambaa alikuwa Tata Sylvestre, karani mzee mwenye sweta la kijivu ambalo hakulivua hata mwezi wa kumi, joto linapotutoa jasho sote. Alinionyesha kabati la chuma, na ndani ya kabati fishi za wafanyakazi, moja kwa kila mtu: karatasi ngumu, juu jina, kazi na mahali mtu anapokaa, chini mke na watoto na shule yao.

Vifaa vyake vilikuwa vinne: penseli, kifutio, wembe wa kukwangua wino uliokosewa, na hiyo rula. Penseli ilikuwa ya kila siku. Kalamu aliishika kama mtu anayetaka kusaini ndoa. Rula aliitoa mara chache sana, mtu alipofariki au mtoto alipoolewa, na hata hapo alilisoma jina mara mbili kabla ya kuchora mstari juu yake.

Siku hiyo ya kwanza alifungua mlango wa kabati mpaka mwisho, akanionyesha upande wa ndani. Palikuwa na maneno matatu ya penseli: kodi, hospitali, sanduku.

“Odette, mutoto yangu,” aliniambia, “hii karatasi inasomwa na batu benye hautabaonaka hata siku moja. Mbele ya kukata jina, uliza: nani tena anasomaka hii?”

Maana yake ni hii: kabla ya kukata jina, kumbuka wasomaji usiowaona. Fishi ileile ndiyo iliyotumika kuhesabu kodi ya mshahara, kwa sababu mfanyakazi mwenye watu wa kulisha hupunguziwa kidogo. Nakala yake ilikwenda hospitali zilizokuwa na mkataba nasi, ili mke na watoto watibiwe kwa jina la kampuni. Na mtu wa familia akifariki, fishi ndiyo iliyosema kama kampuni italeta sanduku la kumzikia. Nilitikisa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Nilisikia, sikushika.

Miaka ya mwanzo ilikuwa na shida za kuchekesha. Kulikuwa na dereva mmoja ambaye watoto wake wote tisa walizaliwa tarehe mosi Januari. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba hakuwahi kuandika tarehe, na hiyo angalau ni siku ambayo mtu haisahau. Kulikuwa na mwingine aliyeandikisha wana watatu wenye jina moja, la baba yake, kwa sababu, alisema, baba yake alikuwa mtu mkubwa na jina moja lisingetosha. Tata Sylvestre aliandika pembeni kwa penseli: mrefu, mfupi, wa mwisho. Hospitali haikukosea hata mara moja.

Alipostaafu aliniachia funguo, sweta akaondoka nalo.

Kisha jimbo letu kubwa likagawanywa. Sitaki kuandika siasa. Nataka kuandika barabara. Barabara ya kutoka Likasi kuja Kolwezi ilikuwa ileile, na mashimo yaleyale, na malori ya madini yaliyopanga foleni kwenye vizuizi vilevile. Lakini mtu aliyepanda basi Likasi alikuwa sasa anatoka jimbo moja na kushuka katika jingine. Kwenye orodha ya kodi na kwenye fishi zikaongezwa safu mbili: jimbo la kazi na jimbo la makao. Safu mbili ndogo, upana wa kidole.

Katika karakana yetu, mafundi wengi walikuwa watu wa Likasi. Familia zao zilikuwa kule, na nyumba zao, na mihogo yao nyuma ya nyumba. Hapa walipanga vyumba kwa pamoja, wakalala kwenye magodoro yaliyokunjwa mchana, wakapika bukari, ugali wetu, kwa zamu. Ijumaa basi, Jumapili basi. Mtu wa namna hiyo anakaa wapi? Ninyi mnaona ni swali jepesi. Mimi pia niliona hivyo, kwa sababu mimi ni mzaliwa wa Kasaji, ndani ya Lualaba hii hii, na hakuna aliyewahi kuniuliza ninalala wapi.

Wakati huohuo maneno yakaanza kuzunguka kwenye machimbo yote: kazi za hapa kwanza kwa watu wa hapa. Sikulaumu. Vijana wetu walikaa bila kazi wakitazama mabasi yakishusha wageni. Lakini fundi wa Likasi aliposikia hayo, alijua la kufanya akifika kwenye ile safu ya makao. Waliandika Kolwezi, mmoja baada ya mwingine. Kuna nyumba moja ya vyumba viwili ambayo, kwa mujibu wa kabati letu, ilikaliwa na wanaume watano, wake watano na watoto ishirini na sita. Niliwahi kupita pale. Niliona sufuria moja na suruali tano kwenye kamba.

Mkuu wetu wa ofisi wakati huo nitamwita Chef Bonaventure, ingawa hilo si jina lake. Alipenda karatasi safi kuliko nilivyowahi kuona mtu akipenda kitu. Asubuhi moja aliweka fishi kumi na mbili mezani kwangu.

“Mama Odette, angalia hii bitu. Mutu anaandika anaikala Kolwezi, batoto beko ku masomo Likasi. Fishi inagombana yenyewe. Bakikuya kuangalia kodi, tutasema nini?”

Nilimwambia tuwaite waandike ukweli.

“Ukweli? Bakiandika Likasi, bakubwa bataniuliza juu ya nini nashika batu ya inje. Hapana. Mutu eko na province moja. Batoto benye habako huku, toa. Ni organisation tu.”

Organisation tu. Neno hilo, mpangilio tu, nimelala nalo miaka kumi.

Angalieni alichokiona huyo bwana. Aliona watu kumi na wawili ambao karatasi zao haziko sawa, na akatafuta kitu cha kuondoa ili ziwe sawa. Hakuona kwamba kisicho sawa ni mpangilio wenyewe, unaomtaka mtu afanye kazi hapa, alee watoto kule, halafu ajifanye ni mahali pamoja. Nami niliona. Hilo ndilo linaloniuma. Niliona, nikatafuta rula.

Wa kwanza niliyemwita alikuwa Tata Mulongo, fundi wa breki, mtu wa maneno machache mwenye mikono myeusi ya grisi ambayo aliifunga mgongoni kila alipoingia ofisini, asichafue. Alikuwa na watoto wanne. Nilimweleza. Aliangalia fishi yake juu ya meza bila kuigusa.

“Mama,” alisema, “nikiandika Likasi, kazi inaisha. Nikiandika Kolwezi, batoto banapotea mu karatasi. Sasa mi nafanya namna gani?”

“Leta familia huku, tata.”

“Mu chumba gani? Tuko batano.” Akaielekezea fishi kidevu. “Hapa minalala, mama. Kule njo minaishi. Haiko nafasi ya kuandika vile?”

Nikamwambia hakuna nafasi. Safu ilikuwa na upana wa kidole, na neno moja tu liliingia humo. Kisha nikasema lile jambo la kijinga kuliko yote niliyosema katika maisha yangu ya kazi. Nilimwambia, “Tata, ni karatasi tu.”

Akaniamini. Kwa nini asiniamini? Mimi ndiye nilikuwa mama wa karatasi. Akasaini, kisha akafuta kalamu kwa shati lake kabla ya kunirudishia. Nikatoa rula, nikachora mistari minne kwa wino mwekundu: Pascal, Clarisse, Ruth, Dieudonné. Mistari ilinyooka vizuri sana. Nilipomaliza fishi zote kumi na mbili nilipiga nakala, nikazituma kila zilikotakiwa kwenda, kama ilivyokuwa desturi ya kila mwisho wa miezi mitatu. Mlango wa kabati ulikuwa wazi muda wote. Yale maneno matatu ya penseli yalikuwa usoni pangu, na sikuyasoma.

Mvua ilikuwa imeanza Ruth alipougua. Alikuwa na miaka minane. Homa, kisha shingo ikakakamaa, kisha akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Mama yake alimfunga mgongoni akampeleka hospitali ya mkataba pale Likasi, ileile waliyokwenda miaka yote, akataja jina la mumewe na jina la kampuni. Mtu wa dirishani akapitisha kidole kwenye orodha.

Tata Mulongo aliingia ofisini kwangu akikimbia, na siku hiyo hakufunga mikono mgongoni.

“Mama Odette, bibi yangu eko ku telefone. Banasema Ruth eko na mustari. Mustari ni kitu gani?”

Nilijua papo hapo. Nataka muelewe hilo: sikuhitaji kufikiri. Macho yangu yalikwenda yenyewe kwenye mlango wa kabati.

Nikapiga simu Likasi. Yule mtu wa dirishani hakuwa mkali, alikuwa mtu wa kazi kama mimi.

“Mi naona mustari, mama. Mustari ni ya kwenu, haiko ya kwetu. Tuma fishi mupya, na signature ya chef.”

Chef Bonaventure alikuwa Lubumbashi kwenye mkutano, na simu yake imezimwa. Nilimpigia mara ngapi, sijui. Tata Mulongo alisimama kando ya meza yangu, simu yake sikioni, na kutoka upande wa mke wake tulisikia kelele za korido na mtoto akilia, sijui kama alikuwa Ruth au wa mtu mwingine.

Sasa nisomeni vizuri, ninyi mnaokaa kwenye kiti changu. Muhuri ulikuwa ndani ya droo yangu. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Ningeweza kuchukua karatasi nyeupe, nikaandika kwamba Ruth ni mtoto wa mfanyakazi wetu, apokelewe, nikagonga muhuri, nikasaini jina langu, nikaipiga picha na kuituma kwa simu. Ingechukua dakika tano. Kesho yake labda wangenifukuza. Labda. Badala yake nilimwambia baba wa mtoto, “Tungoje chef, tata.” Na akangoja, kwa sababu mimi nilisema.

Chef alisaini kesho yake mchana. Hata hakuuliza ni ya nini. Lakini asubuhi ile Mama Ruth alikuwa ameshachoka na benchi. Alipanda pikipiki na mtoto katikati yake na dereva, akaenda hospitali ya masista, ambao walimpokea bila kuuliza jimbo. Ruth alipona. Homa ilishuka, shingo ikalegea, akaomba uji. Siku ya tatu mama yake aliangusha bakuli nyuma yake, na mtoto hakugeuka.

Masikio hayakurudi. Masista walisema ugonjwa ule hufanya hivyo, na kwamba usiku mmoja mapema ungeweza kuleta tofauti, au usilete, hakuna ajuaye. Nimejaribu kujifariji na hilo “hakuna ajuaye”. Halinifariji. Linanikasirisha zaidi ya yote.

Wiki ile nilitoa vitu vyote ndani ya kabati mpaka chini kabisa, nikitafuta sijui nini. Nikakuta maandiko ya sheria ya kodi ambayo Tata Sylvestre aliyahifadhi, yamefungwa kwa kamba ya viatu. Nikayasoma nikiwa nimekaa sakafuni. Yalisema mtoto anayelishwa na mfanyakazi. Yalisema hivyo tu. Hayakusema mtoto alale wapi, jimbo gani, kitanda gani. Mistari yangu haikuombwa na sheria yoyote. Iliombwa na mtu aliyependa karatasi safi, na ikachorwa na mtu ambaye maandiko hayo yalikuwa hatua mbili kutoka miguuni pake, naye hakuyafungua hata siku moja.

Nilimpelekea Chef Bonaventure yale maandiko, nikaweka kidole kwenye mstari.

“Onyesha,” nilimwambia, “mahali panaposema utoe batoto.”

Alisoma. Aliinua macho akaniambia, “Mama, si mutoto alipona?”

Sikumpiga. Nawaambieni ukweli, nilitafuta kitu cha kumpigia, na mezani palikuwa na kalenda tu. Nilirudi kwangu, nikachukua fishi zote kumi na mbili, nikaandika mpya. Kwenye ile safu ya upana wa kidole sikuandika neno moja. Nilipiga kistari katikati kwa mkono, juu nikaandika Kolwezi, chini Likasi, maneno madogo kama mbegu za mtama. Chef alizirudisha mara mbili, nami nikazipeleka mara tatu. Mwishowe alizisaini kwa sababu alitaka kwenda kula. Zilipopelekwa na orodha ya kodi, hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza. Miezi ikapita, mwaka ukapita. Hofu yote ile ilikuwa ya bure.

Tangu hapo nilipanda basi la Ijumaa mara nyingi pamoja na mafundi, nikiwa na mfuko wa fishi miguuni, nikaenda nyumba kwa nyumba kule Likasi nikiwaona watoto kwa macho. Wake zao walinipa maji ya kunywa na kunitazama. Hakuna kanuni inayosema karani afanye hivyo. Nilifanya kwa sababu jina ambalo umeliona likifukuza kuku uani haliwi jepesi kulikata. Nyumbani kwa Tata Mulongo nilikwenda pia, mara moja. Mama Ruth alinikaribisha kiti, akaniletea karanga, akanieleza habari za mvua. Hakunitukana. Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa.

Tata Mulongo aliendelea kunisalimia kila asubuhi, “Mama, jambo,” mikono mgongoni. Miaka kumi. Angenigombeza siku moja tu, ningemshukuru.

Wiki moja kabla ya mimi kustaafu, Tata Mulongo alikuja ofisini na msichana mrefu, aliyesuka nywele vizuri, mwenye mfuko wa ushonaji begani. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Ruth alikuwa amepata nafasi katika shule ya cherehani ya Lubumbashi, na shule ilitaka barua kwamba bado anatunzwa na baba yake. Likasi, Kolwezi, na sasa Lubumbashi. Nilitoa faili la baba yake, nikalifungua juu ya meza, nikageuka kutafuta karatasi ya barua.

Nilipogeuka tena, Ruth alikuwa amelifunua mpaka nyuma. Fishi ya zamani haitupwi, mnajua, inabaki chini ya mpya. Alikuwa ameweka kidole juu ya jina lake, na juu ya jina lake kulikuwa na mstari wangu, mwekundu bado, umenyooka. Alimtazama baba yake. Tata Mulongo alitazama dirisha. Basi akavuta daftari langu, akachukua kalamu, akaandika neno moja: Nani?

Nikaandika chini yake: Mimi.

Hakushtuka. Aliandika tena, taratibu, akiuliza sababu, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu: Juu ya nini?

Nimeandika barua ngapi kwenye meza ile? Za kuajiri, za kuonya, za pole. Nilishika kalamu, nikangoja lije jibu linalofanana na kitu alichokipoteza. Nikaandika ukweli, kwa sababu ndio uliokuwapo: Baba yako alikuwa anafanya kazi Kolwezi, na wewe ulikuwa unalala Likasi.

Ruth alisoma. Kisha akageuza ile karatasi ya daftari, akaangalia upande wa pili kama kuna maneno mengine. Hayakuwapo.